Slabu inavuja: uzibe au ufumue?

Ukipandisha mafundi watatu kwenye slabu inayovuja, yaani paa tambarare la zege, katikati ya mji wa Moshi, utashuka na majibu matatu. Wa kwanza ataona ufa na kusema lete debe moja la lami, kesho tumemaliza. Wa pili atataka kumwaga skridi mpya juu ya ile iliyopo. Wa tatu atazunguka kimya, ataifunua kwa ncha ya kiatu membreni iliyobanduka kando ya ukuta, kisha aseme hapa ni kufumua mpaka kwenye zege. Bei ya huyu wa mwisho inaweza kuwa mara kumi ya ile ya kwanza. Mwenye jengo, ambaye shida yake ya leo ni mangi wa fremu ya chini aliyepandisha magunia ya sukari juu ya matofali, huishia kumchukua mwenye bei ndogo. Siwezi kumlaumu. Hakuna aliyempa sababu ya kumchukua mwingine.

Shida inaanzia kwenye swali lenyewe. "Tuzibe au tufumue?" ni swali la pili. La kwanza ni: kilichokufa ni kitu gani? Paa tambarare la jengo la biashara kwetu huku ni vitu vitatu vilivyolaliana. Chini kabisa kuna zege lenye nondo, ndilo linalobeba. Juu yake kuna skridi, ile sakafu ya mchanga na saruji inayowekwa kwa mteremko ili maji yajue pa kwenda. Juu kabisa kuna ngozi: membreni ya lami iliyochomwa kwa tochi ya gesi, au rangi nzito ya kuzuia maji, au kwenye majengo ya zamani lami tupu iliyomwagwa ikiwa ya moto. Ngozi ikifa, unatengeneza ngozi. Mteremko ukifa, ngozi mpya nayo itakufa mapema. Zege likianza kufa, kuvuja kunakuwa jambo dogo, maana sasa mnazungumzia vichwa vya watu walioko chini yake.

Kwa hiyo umri wa paa peke yake haukuambii kitu, wala idadi ya ndoo zilizotegwa. Lipo paa linalodondosha sehemu tano sita na ugonjwa wote ni mdomo mmoja wa bomba uliopasuka. Lipo pia lenye doa moja tu kwenye kona, na ukilipasua unakuta skridi ya nusu ya jengo imelowa. Kinachoamua ni maji yamefika tabaka gani, na yamekaa humo muda gani.

Una slabu kweli?

Majengo mengi mapya ya Arusha na Moshi ukiyatazama kutoka barabarani yana paa tambarare. Ukipanda, unakuta bati. Ni paa la kuficha: ukuta umepandishwa pande zote, na ndani yake bati la mteremko mdogo linapeleka maji kwenye gata lililojengwa kando ya ukuta. Hapo ugonjwa mara nyingi uko kwenye gata. Limejengwa jembamba, halina mteremko, au bomba la kushushia maji ni la inchi mbili mahali panapohitaji la inchi nne. Anayekuuzia membreni ya paa zima anakuuzia kitu usichohitaji. Panua gata, livishe ngozi vizuri, na toboa tundu la dharura ukutani, ili siku likizidiwa limwage maji nje badala ya kuyarudisha ndani. Yanayofuata ni ya wenye slabu.

Yanavuja saa ngapi?

Doa la kwenye silingi halikuonyeshi tundu lilipo. Maji yakishapenya ngozi hutembea ndani ya skridi, hufuata bonde la zege au bomba la umeme lililozikwa humo, kisha hudondoka yanapopata upenyo, pengine mita kadhaa kutoka yalipoingilia. Fundi anayepanda na kupaka lami sawasawa na doa anabahatisha. Kinachosaidia zaidi ni kujua muda, na wanaoujua ni wapangaji na mlinzi wa usiku.

Yakidondoka dakika chache baada ya mvua kushika, njia yake ni fupi na iko wazi: ufa, tundu la boliti ya dishi, kando ya bomba linalopenya slabu. Hiyo ni kazi ya kiraka. Yakianza baada ya saa kadhaa na kuendelea siku mbili tatu huku jua linawaka, skridi imekunywa maji na inayaachia taratibu. Kiraka hapo kinaanza kuwa na mashaka. Yakija tu mvua inapoambatana na upepo, shuku ukuta wa pembeni kabla hujashuku paa. Mwagia ukuta huo maji kwa mpira, ukianzia chini na kupanda kidogo kidogo, ukikaa robo saa kila hatua huku mtu yuko ndani anatazama. Ukianzia juu utalowesha kila kitu na hutajua yameingilia wapi.

Na yakidondoka Februari, mji mzima ukiwa vumbi? Paa halina kosa. Tafuta tangi la juu linalofurika usiku maji yanaporudi, au bomba la choo.

Ukishauliza, pasua. Kata dirisha la sentimita 30 kwa 30 kwenye membreni, sehemu nne tano zenye hali tofauti: moja panapoonekana pazuri, moja karibu na mdomo wa bomba, moja kando ya ukuta, moja penye dimbwi. Chokonoa skridi kwa tindo hadi ufike kwenye zege. Skridi kavu ni ya kijivu nyepesi na inatimua vumbi. Iliyolowa ni nyeusi, ukiifikicha inashikana mkononi, na ikiwa imekaa na maji miaka mingi inatoa harufu ya tope la kisima. Halafu ziba madirisha hayo siku hiyohiyo. Anayekuambia uzibe bila kupasua na anayekuambia ufumue bila kupasua wote wanakisia, na ni pesa yako inayokisiwa.

Marekani, ambako mapaa mengi ya biashara ni bati la chuma lenye ubao wa kuzuia joto na ngozi juu yake, wengi wa kazi hii hutumia robo kama mpaka: eneo lililolowa likizidi robo ya paa, fumua. Kanuni za ujenzi za huko haziruhusu pia kuweka ngozi ya tatu juu ya mbili zilizopo. Huwezi kuihamishia Moshi namba hiyo ya robo kama ilivyo. Ubao wa kuzuia joto ukilowa umeisha kazi, ilhali skridi ni mchanga na saruji, na ikifunuliwa kiangazi inaweza kukauka. Lakini sababu yenyewe inatuhusu. Ukichoma membreni mpya juu ya skridi iliyojaa maji umeyafungia humo. Jua la mchana linayageuza mvuke, mvuke unasukuma ngozi juu, na baada ya muda unaona malengelenge yanayobonyea ukiyakanyaga. Siku moja ngazi ya mtu wa dishi inatua juu ya lengelenge, na mmerudi mlipoanzia.

Ufa unaopumua

Ngozi ikiwa ndiyo pekee iliyokufa, na skridi ni kavu, ziba bila wasiwasi. Ila ujue unaziba nini. Moshi iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, na Arusha iko juu zaidi, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Jua la huku ni kali na usiku wa Julai una baridi. Lami nyeusi isiyopakwa rangi ya kurudisha mwanga inaweza kupita nyuzi joto 60 alasiri, na kabla ya mapambazuko ikawa imeshuka hadi ubaridi wa hewa. Zege lililo chini yake nalo linatanuka na kusinyaa. Slabu ya urefu wa mita 20, joto lake likibadilika kwa nyuzi 25, hurefuka na kufupika kwa takriban milimita 5. Milimita hizo lazima ziende mahali, na mara nyingi huenda kwenye ufa uleule unaozibwa kila mwaka.

Upime. Piga alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, upime umbali wake saa kumi na mbili asubuhi na tena saa nane mchana. Ukibadilika, ufa unapumua, na saruji au "kemikali" ngumu haitakaa humo. Unahitaji kuchongwa mfereji mdogo, kujazwa silanti inayonyumbuka, kisha kuvishwa utepe wa membreni ambao haukugandishwa katikati, ili uweze kuvutika. Usipobadilika, ni ufa uliokufa. Ziba kwa chochote kizuri.

Maji yakikosa pa kwenda

Paa tambarare halitakiwi liwe bapa. Viwango vya Uingereza vinataka paa likishakamilika liwe na mteremko usiopungua 1 kwa 80, na vinamshauri mchoraji achore 1 kwa 40, kwa sababu kazi ya saiti haitoki kama ya kwenye karatasi. Moja kwa 80 ni sentimita moja na robo kila mita. Kama mdomo wa bomba uko mita 8 kutoka ukutani, sakafu ya ukutani inatakiwa iwe imepanda sentimita 10 juu ya mdomo huo. Chukua mpira mwembamba wa maji, ule mafundi wanaotumia kulinganishia levo, upime mwenyewe. Mara nyingi utakuta sentimita mbili tatu. Wakati mwingine utakuta mdomo uko juu kuliko sakafu inayouzunguka, kwa sababu kila aliyekuja aliongeza tabaka la membreni kuuzunguka.

Kabla hujahukumu mteremko, safisha midomo. Oktoba na Novemba mijakaranda ya Arusha na Moshi ikichanua, mji unapendeza na mabomba yanaziba, vuli ikiwa mlangoni. Kunguru naye huleta vijiti na waya. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa za maji hazikupigwa, na vijana wanaopanda kurekebisha antena huziacha hukohuko juu. Kuna mapaa yaliyofumuliwa kwa mamilioni ambayo dawa yake ilikuwa kijana mmoja na fagio mara moja kwa mwezi.

Midomo ikiwa safi na maji bado yametuama siku mbili baada ya mvua kukata, mteremko umekufa. Dimbwi lina uzito. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Dimbwi la mita 8 kwa 5 lenye kina cha sentimita 5 ni tani mbili. Slabu iliyojengwa vizuri haitadondoka kwa hilo. Ila zege linalobebeshwa mzigo kwa muda mrefu hupinda kidogo kidogo, bonde linaongezeka kina, na mvua inayofuata inaleta maji mengi zaidi mahali palepale.

Kama bonde ni moja, kuna njia ya bei nafuu ambayo mafundi hawaipendekezi vya kutosha: toboa mdomo mpya pale pale maji yanapokaa, bomba lipite chini ya slabu likaungane na la zamani. Mhandisi akuonyeshe pa kutoboa, usije ukakata nondo kuu au kuingia kwenye bimu. Mabonde yakiwa kila mahali, hapo ndipo kufumua kunapopata maana yake: ng'oa ngozi, ng'oa skridi, mwaga skridi mpya yenye mteremko, iache ikauke, ndipo uivishe.

Kisha kuna yule fundi wa pili, wa skridi juu ya skridi. Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Sentimita 5 za skridi zina uzito wa takriban kilo 100 kwa mita ya mraba. Kwenye paa la mita za mraba 300 hizo ni tani 30 zilizopandishwa kwa ndoo, na hakuna aliyepiga hesabu. Viwango vya Uingereza, ambavyo majengo mengi ya kwetu yamechorwa kwa kuvifuata, huliwekea paa linalokanyagwa na watu mzigo wa takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Skridi moja ya nyongeza inakula theluthi mbili ya akiba hiyo, na baadhi ya slabu za mjini zimeshaongezewa mara mbili. Ukikata dirisha na kukuta lami, skridi, lami, skridi, acha kufikiria kiraka. Uzito huo ushuke.

Tangi nalo lihesabiwe. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zilizosimama juu ya eneo dogo. Likae juu ya bimu au nguzo, siyo katikati ya slabu kwa sababu hapo ndipo bomba lilipofikia.

Tazama kwa chini

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyikia chini ya slabu, na wengi hawafiki huko kwa sababu kuna silingi. Toa vipande vichache vya silingi uingize kichwa na tochi.

Michirizi myeupe iliyoganda ni chokaa iliyoyeyushwa na maji yaliyopita ndani ya zege. Ni dalili kwamba maji yana mazoea na njia hiyo. Mstari wa kahawia ulionyooka ni jambo jingine: unafuata nondo, na nondo imeanza kutu. Zege lina ualikali mkali unaoilinda nondo. Miaka ikipita, hewa ya ukaa hupenya kutoka kwenye uso wa zege na kuupunguza ulinzi huo, na unyevu ukishafika chuma huanza kuliwa. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka vipande. Pale ambapo nondo zililazwa moja kwa moja juu ya mbao za fomu bila vitofali vya kuziinua, zege la kuzifunika ni jembamba mno na safari hiyo ni fupi.

Chukua nyundo ndogo, gonga kwa mpangilio, mita moja baada ya nyingine. Zege zima hulia kavu na nyundo inaruka. Lililoachana hutoa sauti ya mvungu. Zungushia chaki kila penye mvungu, kisha rudi nyuma utazame mchoro uliopatikana. Vidoa vichache karibu na bomba vinarekebishika: unachonga hadi nyuma ya nondo, unasugua kutu, unapaka kinga, unajaza mchanganyiko maalumu wa saruji wa ukarabati. Mvungu ukifuata nondo katikati ya slabu au chini ya bimu, simamisha kila kitu na mwite mhandisi aliyesajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wakati unamsubiri, shusha maji ya tangi na usiruhusu mtu kupandisha hata mfuko wa saruji juu. Huo ni ugonjwa ambao membreni haiutibu. Tena membreni mpya ikikata kudondosha, inaondoa dalili pekee iliyokuwa inakuamsha.

Nondo zinazosubiri ghorofa

Miongozo ya wenzetu wa Ulaya haina sura ya jambo hili, na kwetu liko kila mtaa: vichwa vya nguzo vimechomoza juu ya slabu, na nondo zinachungulia angani zikisubiri ghorofa inayofuata. Slabu hiyo ilikusudiwa kuwa sakafu. Haikupewa mteremko kwa sababu sakafu haihitaji mteremko. Pesa ikakata, au mzee akafariki na watoto hawajakubaliana, na sakafu ikageuka paa kwa miaka kumi na tano.

Ngozi haiwezi kushikana na kichaka cha nondo. Maji hushuka kando ya chuma, yakaingia ndani ya nguzo, na nguzo ndiyo mahali pa mwisho unapotaka kutu. Nondo zenyewe zinaliwa kwa nje pia, na siku utakaporudi kujenga, mhandisi makini atazikataa. Kwa hiyo kabla ya kuamua kuziba au kufumua, jibu kwa ukweli: unapanda lini? Ukiwa na kibali cha manispaa na michoro, na fedha ziko njiani, ndani ya miaka mitatu hivi slabu hiyo itafunikwa. Ziba, paka rangi ya kuzuia maji ya bei ya kati, usichome pesa kwenye ngozi utakayoing'oa. Kama ghorofa ni dua tu, litendee kama paa. Zungushia kila kichwa cha nguzo kuta fupi za zege za angalau sentimita 15, pandisha membreni juu yake, zipake nondo uji mzito wa saruji na uzifunike kwa zege dhaifu linalovunjika kirahisi siku ya kurudi.

Hesabu

Tuchukue paa la mita za mraba 300, na namba za kufanyia hesabu tu. Tuseme viraka vinakula shilingi milioni 1.2 kila mwaka. Tuseme kufumua na kuvisha upya ni milioni 24, na kazi itadumu miaka 15. Hiyo ni milioni 1.6 kwa mwaka. Viraka vinashinda kwa laki nne. Sasa ongeza vipande vya silingi na rangi kila baada ya masika, na fremu moja ya laki nne kwa mwezi inayokaa wazi miezi miwili kwa sababu mpangaji amehama na harufu ya ukungu haijatoka. Kufumua kunashinda. Ila kama hizo milioni 24 unazikopa, kwa mfano kwa riba ya asilimia 17, mwaka wa kwanza pekee riba inapita milioni 4, na viraka vinarudi kushinda huku ukijiwekea akiba.

Njia ya kati ni kufumua kwa awamu. Usigawe kwa fremu, kwamba mwaka huu juu ya duka la dawa na mwakani juu ya saluni. Gawa kwa maji: eneo lote linalomwaga kwenye mdomo mmoja wa bomba lifumuliwe pamoja, kwa sababu mpaka wa asili uko kwenye mgongo unaotenganisha mteremko mmoja na mwingine. Kiungo cha zamani na kipya kikiwa mgongoni kinabaki kikavu. Kikiwa bondeni kitavuja.

TRA nao wamo. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, matengenezo ya kawaida hukatwa kwenye mapato ya mwaka uleule, ilhali kazi inayoongeza thamani ya jengo huingia kwenye mtaji na kukatwa pole pole, asilimia 5 kwa mwaka kwa majengo ya kawaida. Kuziba kuko wazi. Paa jipya linaweza kuangukia upande wa pili. Mwone mhasibu kabla ya kazi, na udai risiti za EFD. Uliza pia kama bei uliyopewa ina VAT ya asilimia 18, maana nukuu nyingi za bei huifichua mwishoni.

Kuvalisha bati

Liko chaguo ambalo wenye majengo wa Moshi wameliamua wenyewe bila kusubiri wataalamu: kujenga paa la bati juu ya slabu. Wasanifu hukunja uso, kwa sababu jengo linabadilika sura. Mimi naona kwa slabu kuukuu isiyo na mteremko, isiyo na mpango wa ghorofa, na ambayo zege lake mhandisi amelikagua na kulipitisha, mara nyingi ni uamuzi bora kuliko membreni ya tatu. Bati la geji 28 halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba, na hata ukiongeza vyuma vya kulibeba bado ni jepesi kuliko skridi. Slabu inapata kivuli, inakauka, na kupanuka kwake kunapungua.

Masharti yake ni mawili. Upepo hulinyanyua paa jepesi, kwa hiyo vyuma vifungwe kwenye nguzo au kuta zinazobeba, kwa mchoro wa mhandisi. Kila boliti utakayoizamisha katikati ya slabu ni tundu jipya. Na manispaa waulizwe kwanza, maana umebadilisha jengo.

Msimu na makaratasi

Watu huita fundi Aprili, masika yakiwa yamekolea, wakati ambao kitu pekee kinachowezekana ni turubai. Kazi ya kufumua ifanyike Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Juni na Julai hakuna mvua kubwa, lakini asubuhi za ukungu na manyunyu ya huku mlimani huchelewesha skridi kukauka. Kabla ya kuchoma membreni, gandisha kipande cha nailoni nzito kwenye skridi jioni, kingo zote zifungwe kwa gundi ya utepe. Asubuhi ya pili ukikuta matone chini yake, subiri.

Mkataba utaje vitu vinavyopimika: membreni ya milimita 4, praima ya kuishikisha kwanza, rola za membreni zipishane sentimita 10 ubavuni na 15 miishoni, ngozi ipande ukutani angalau sentimita 15 na mwisho wake uingie kwenye mfereji uliochongwa ukutani. "Waranti miaka 10" uliza ni ya nani: ya kiwanda hulinda rola, haimlindi mtu dhidi ya fundi aliyeichoma vibaya. Mkandarasi awe na usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na awe na mtu wa kuzima moto muda wote tochi inapowaka.

Siku ya kukabidhiana, kama mhandisi amekubali uzito, zibeni midomo ya mabomba, jazeni maji sentimita 3 hivi, yakae siku nzima na usiku wake, huku mtu anatazama chini. Na hata slabu ikipita mtihani huo, zuia asilimia 10 ya malipo, iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, ilipwe mwezi Juni.